Kinachotukaba ni Kutojua

Wiki ya nne ya TP nilidhani nakufa. Wanaonijua watasema naongeza chumvi, ila siongezi.

Ilikuwa Kyerwa, kwenye chumba cha kupanga nilichokaa na mwenzangu wa chuo. Andalio la somo lilikuwa tayari, zana nilishachora kwenye manila mpaka kalamu ikaisha wino. Shule yenyewe ilikuwa ya amani tu. Wanafunzi walishanizoea, na walimu wenyeji walikuwa wananiita Madamu bila ile sauti ya utani ya wiki ya kwanza. Kilichobaki ni msimamizi kutoka chuo kuja kunikagua. Siku gani? Hakuna aliyejua. Mmoja alisikia Jumatatu. Mwingine alisikia ameshaonekana Nkwenda. Kuna aliyeapa kabisa kwamba amempita Omurushaka akiwa kwenye gari jeupe, kana kwamba Omurushaka siku ya gulio kuna gari jeupe moja. Wiki mbili zilikatika hivyo. Kila pikipiki ikisimama nje ya ofisi, mimi darasani nasahau sentensi niliyokuwa nayo mdomoni.

Saa nane usiku nikashtuka moyo unadunda mpaka masikioni. Vidole vimekufa ganzi, kifua kimebana, hewa naiona lakini haiingii. Mwenzangu akaanza kukemea kwa sauti. Mama mwenye nyumba akaja na kanga begani akiuliza nimekula nini na kwa nani. Asubuhi wakanipeleka zahanati, nikapimwa presha, malaria na sukari, vyote vikawa sawa. Tabibu akanitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, mwili wako mzima. Una mawazo tu."

Nimelibeba lile neno mpaka leo. Mawazo tu. Wanachuo wenzangu, naomba tuzungumze kidogo juu ya hiyo "tu".

Kwanza, kilichonipata usiku ule si ajabu na si cha peke yangu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wanaishi na maradhi ya wasiwasi, yaani ule wasiwasi uliopita kiasi mpaka unamzuia mtu kuishi. Na hapo hawajahesabiwa watu kama mimi ambao tulikabwa usiku mmoja tukaamka tukaenda kufundisha. Wazimbabwe wanaozungumza Kishona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Tofauti ni kwamba kule daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alilichukua neno hilo la mtaani kwa uzito wake. Kuanzia mwaka 2006 amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye kufungisisa, na jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 likaonyesha kwamba waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi neno tunalo, tumeliwekea "tu" mbele yake, mgonjwa karudi nyumbani na panadoli.

Mwili una kengele. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, inaitwa amigdala, na kazi yake mojawapo ni kupiga hiyo kengele pale inapohisi hatari. Haisubiri ushahidi. Ikipiga, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, tumbo linaacha kazi yake (ndiyo maana siku ya mtihani foleni ya chooni inakuwa ndefu), na unaanza kuhema haraka ili uwe na hewa ya kutosha kukimbia. Mpango mzuri sana kama kuna chui. Sasa wewe hukimbii, umelala kitandani Kyerwa. Unahema kama mkimbiaji huku mwili hautumii, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na matokeo yake ni yale yale niliyoyaona: ganzi vidoleni, kizunguzungu, kifua kubana. Kisha akili inazitazama dalili hizo na kuamua, "Nakufa." Hofu inaongezeka, dalili zinaongezeka. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliueleza mduara huo mwaka 1986, na matibabu mengi ya leo ya hofu ya ghafla yanaanzia pale: kumfundisha mtu kuusoma mwili wake upya.

Kengele hii pia inajifunza. Wenzangu wa Kagera mtakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi. Nilikuwa darasa la sita. Sisi upande wa Karagwe tulitikiswa, Bukoba ndiko kulikoumia hasa, nyumba zilianguka na watu wakafa. Kwa miezi kadhaa baadaye lori la ndizi likipita barabarani usiku na dirisha likalia kidogo, nyumba nzima tulikuwa tumeshafika uani kabla hata hatujaamka sawasawa. Baba alikuwa anatucheka, na yeye mwenyewe tunamkuta uani ametangulia. Hakuna aliyesema tuna pepo. Hakuna aliyesema tunadeka. Kila mtu alielewa kwamba ardhi iliyotikisika mara moja inaweza kutikisika tena na haitoi taarifa.

Haitoi taarifa. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Tumezoea kudhani wasiwasi unakuja kwa ukubwa wa hatari: hatari kubwa, wasiwasi mkubwa. Nadhani si hivyo, au si hivyo tu. Wasiwasi unakula kutojua. Mwaka 2016 huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha London, kile cha University College, waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta wakacheza mchezo wa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Watafiti wakawa wanapima jasho na mboni za macho. Ungedhani aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja ndiye angehangaika zaidi. Hapana. Waliohangaika kuliko wote ni wale ambao uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua ataumia alitulia kuliko asiyejua kama ataumia.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba na butura.

Kwa wasiotoka kwetu: butura ni kuuza kahawa ikingali mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua. Mlanguzi anakuja na pesa mkononi, mnahesabu miti, anakupa kiasi, na msimu ukifika kahawa ni yake hata kama bei imepanda mara mbili. Serikali inaikataza, vyama vya ushirika vinaipiga vita, kila mkutano wa kijiji utaisikia ikilaaniwa. Na bado watu wanauza. Maelezo ya kawaida ni shida: ada, msiba, hospitali. Ni kweli. Lakini nilipokuwa kidato cha tatu baba aliuza sehemu ya shamba kwa butura mwaka ambao kwetu hapakuwa na shida kubwa ya pesa. Mama alinuna wiki nzima. Mimi, kwa kiherehere cha mtu aliyesoma mada moja ya uchumi, nikamwuliza baba kwa nini auze kwa hasara anayoiona. Akanijibu, "Mwanangu, walau sasa najua."

Siku hizo nilimwona mjinga, Mungu anisamehe. Leo naona alikuwa amenunua usingizi. Mkulima wa kahawa anaijua kazi, anaujua ukame, hata mnyauko wa migomba anaujua kwa sura, na alishauona ukiingia shambani akakata migomba kwa mkono wake. Asichokijua ni bei, na bei inaamuliwa na watu wasiomfahamu, kwenye minada na masoko ya mbali, wala hakuna mahali pa kwenda kuuliza. Miezi ya kulala na swali hilo kila usiku ina gharama, na yule mlanguzi anailewa gharama hiyo vizuri kuliko maofisa ugani wote. Yeye hanunui kahawa peke yake. Ananunua na wasiwasi.

Sasa tazama tunavyofanya sisi wasomi. Matokeo ya UE yametoka, mtu hafungui akaunti yake siku tatu. Mwingine ameacha kozi aliyokuwa anaiweza kwa sababu hakujua itakuwaje, akaamua bora ashindwe kwa hiari. Mwingine kaachana na mchumba mwema kabla hajaachwa. Butura tupu! Tunauza kahawa ikiwa maua ili tulale.

Najua si kila kutojua kunakaba. Usiku wa senene, Novemba, watu wamewasha taa na mabati yamesimamishwa, hakuna anayejua kama watashuka, na ile kusubiri ndiyo raha yenyewe. Senene wasiposhuka unarudi kulala, umepoteza usingizi tu. Kinachokaba ni kutojua jambo ambalo maisha yako yamening'inia juu yake, na mwenye jibu yupo, ila hasemi.

Hapo ndipo nataka kuwapeleka Kashasha.

Kashasha iko mkoa wetu huu huu wa Kagera, upande wa Muleba, kilomita kama 40 kutoka Bukoba mjini. Mwaka 1962 palikuwa na shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Tarehe 30 Januari, siku 52 tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Wakafuata wengine. Mtu alicheka na kulia, dakika chache au saa kadhaa, akatulia, kisha ikamrudia, na kuna waliokaa na hali hiyo hadi siku 16. Ukimshika kumzuia, anapigana. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Wakarudishwa kwao, na ile hali ikarudi nao. Nshamba, kijijini, watu 217 walipatwa mwezi wa nne na wa tano. Shule nyingine ya wasichana, Ramashenye, ikapata wanafunzi 48 kati ya 154. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakashikwa wengine, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni.

Duniani kote kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho. Vitabu vya mambo ya ajabu vina ukurasa wake: kijiji cha Afrika kilichocheka hadi shule zikafungwa. Watu wanadhani kulikuwa na utani mmoja mzuri sana. Lakini madaktari wawili waliokwenda kuchunguza, Rankin na Philip, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 1963, hawakukuta utani wowote. Walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu kwenye chakula na vijidudu vya ugonjwa, wasikute kitu. Hakuna aliyekufa. Wananchi walikuwa na maelezo yao, mojawapo kwamba hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki, na kumbuka hiyo ndiyo miaka mataifa makubwa yalikuwa yanayalipua kwa majaribio, kwa hiyo wala si maelezo ya kijinga. Wagonjwa wenyewe walisema nini? Walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani, na wanaogopa kwamba kuna mtu anawafukuza.

Rudieni sentensi hiyo. Anacheka, na anaogopa mtu anamfukuza. Kile hakikuwa kicheko, ilikuwa hofu iliyokosa mlango ikatokea mdomoni.

Madaktari waliiita taharuki ya kundi, na watafiti wa baadaye wameieleza kwa msongo: mabinti wadogo, bwenini, mbali na mama zao, kwenye shule yenye sheria kali na lugha ya kigeni, nchi yenyewe imebadilika juzi na kila mtu mzima anasema mambo yatakuwa mapya bila kusema yatakuwaje. Mimi si daktari, na ninayosema sasa ni maoni yangu. Kuna jambo moja katika taarifa ile ambalo sijaona likitiliwa mkazo wa kutosha. Walimu hawakushikwa. Hata mmoja. Walikula jikoni pale pale, wakavuta hewa ile ile yenye mabomu, wakasikia vicheko vile vile mchana na usiku. Tofauti yao na wale wasichana ni nini? Umri, ndiyo. Lakini pia mwalimu anajua ratiba. Anajua mtihani ni lini, nani atafukuzwa, nani atapanda darasa, likizo inaanza lini, kengele itagonga saa ngapi. Mwanafunzi anaishi ndani ya maamuzi ambayo hayaoni yakifanywa.

Nasema hivi kwa sababu mwakani au mwaka kesho kutwa sisi ndio tutakuwa upande wa pili wa ile meza.

Kwenye shule yangu ya TP, binti wa kidato cha pili alianguka asubuhi ya mtihani wa majaribio. Anahema haraka, vidole vimekunjika, mwili mzima unatetemeka. Darasa likalipuka. "Mapepo!" Wavulana wakapanda madirishani, wasichana wawili wengine wakaanza kulia na kushika vifua, na ningeapa dakika tano mbele tungekuwa na Kashasha yetu. Mwalimu mmoja akasema ni kudeka, aletewe maji amwagiwe. Mwingine akasema aitwe mchungaji. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, nimeshafanya kozi ya ushauri na unasihi nikapata B, na sikujua nifanye nini kwa mtoto aliyekuwa na kitu kile kile kilichonikamata mimi wiki moja kabla.

Aliyejua ni madamu mmoja wa makamo, mwalimu wa unasihi. Kwanza aliwatoa watazamaji. Akamchukua yule binti nje chini ya mwembe, akamwambia wapumue pamoja polepole, kutoa pumzi kurefu kuliko kuvuta. Hakuwa na haraka. Binti alipotulia, madamu hakumwuliza "una tatizo gani?", swali ambalo hakuna mtoto wa kidato cha pili analijibu. Alimwuliza, "Mwanangu, kuna jambo unalisubiri?"

Kumbe usiku mmoja alisikia wazazi wakizungumza kwamba shangazi yake wa Mwanza anakuja kumchukua. Kwenda kusoma au kwenda kulea watoto wa shangazi, hakusikia. Lini, hakusikia. Kuuliza hakuthubutu, maana mtoto kwetu haingilii maneno ya wakubwa. Alikaa nalo mwezi mzima na zaidi.

Madamu alimwita mama yake. Mama akashangaa kweli kweli kwamba mtoto alijua. Akasema shangazi ameomba, baba hajaamua, na hakuna kitakachoamuliwa kabla ya mtihani wa Novemba. Basi. Sijui yule binti aliishia wapi, huenda leo yuko Mwanza anabeba mtoto mgongoni, na hilo linaniuma. Lakini kesho yake alikuja shule, akafanya mtihani uliobaki, na hakuanguka tena hadi naondoka. Habari mbaya ilikuwa pale pale. Ila sasa ilikuwa na tarehe.

Turudi chuoni. Bumu likichelewa, kinachotumaliza si njaa peke yake. Wengi wetu njaa tunaijua tangu utotoni, tunajua kupika uji wa kugawana watu wanne geto. Kinachotumaliza ni magrupu ya WhatsApp: limetoka, halijatoka, limetoka chuo fulani, wewe umeona? Kila mlio wa simu moyo unaruka. Matokeo hivyo hivyo. Orodha ya waliodisko hivyo hivyo. Na mbele yetu sisi wa ualimu kuna swali kubwa kuliko yote. Wazee wetu walimaliza chuo wakapangiwa kituo. Kuna waliohitimu tangu mwaka 2015 ambao bado wanasubiri ajira, na kila tangazo likitoka wanafungua akaunti zao za maombi kwa mikono inayotetemeka. Hilo siwezi kulitatua kwenye makala ya gazeti la chuo, na simlaumu anayelala nalo macho.

Lakini yale madogo tunaweza. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi jambo moja lisilohitaji bajeti. Kila linalosubiriwa na wanafunzi lipewe siku ya taarifa, hata kama taarifa yenyewe ni "bado". Bandikeni: "Kuhusu bumu, hadi leo hatuna jibu. Tutabandika tena Ijumaa saa kumi." Kisha Ijumaa saa kumi mbandike kweli. Kiongozi mmoja niliyemweleza hili alicheka, akasema watu watatuona hatujui kazi. Ndugu yangu, tunajua kwamba hamjui. Ubaya ni kwamba hamsemi, kwa hiyo kila mmoja wetu anajitungia jibu lake saa nane usiku, na majibu ya saa nane usiku huwa mabaya.

Kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote: taja wiki ya kutukagua TP. Nimesikia hoja kwamba tukijua siku tutaandaa somo moja la maonyesho na mengine tutalala. Yawezekana. Wavivu hawakosi. Lakini mnapokuja bila taarifa baada ya wiki mbili za uvumi hampimi ufundishaji wangu, mnapima kengele yangu ya hatari. Msimamizi alipofika hatimaye (gari halikuwa jeupe) nilifundisha vibaya kuliko siku yoyote ya TP ile, mbele ya watoto ambao juzi yake walikuwa wanalinyanyulia mikono somo lile lile.

Na sisi wenyewe tusijifichie hapa. Mwalimu anayeingia darasani na kusema "nitawapa jaribio siku msiyoitegemea" anajiona mjanja. Anayeshika kiboko bila kusema kosa ni lipi anajiona mkali. Wote wawili wanafuga wasiwasi kwenye vichwa vya watoto na kuuita nidhamu.

Sitaki nieleweke kwamba kila wasiwasi unaisha kwa tangazo. Kuna mtu ambaye kila kitu chake kiko sawa, anajua kila kitu, na bado kengele inalia mchana na usiku. Ikifika wiki na wiki hulali, huingii lekcha, unakwepa watu, chakula hakipiti, hapo si suala la bango wala la kukemewa usiku. Huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na una tiba, ya mazungumzo na ya dawa. Hospitali za rufaa zina madaktari wa akili. Ukienda Bugando hutakuwa wa kwanza kutoka Karagwe. Nenda, na ukiambiwa una "mawazo tu", uliza daktari mwingine.

Niliandika rasimu ya makala hii nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo la utawala, nikisubiri barua fulani ambayo niliambiwa "njoo njoo hivi". Mbele yangu lilikuwapo bango la serikali ya wanafunzi. Lina tangazo la bonanza la mwezi uliopita na karatasi ya mtu anayeuza godoro. Nafasi iliyobaki inatosha kabisa mistari miwili kuhusu bumu.